Jibu: Zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee Uingereza

Dada, umeuliza kama zamu ya usiku ni kukaa tu wazee wakiwa wamelala. Thubutu! Zamu nyingi ni za saa 12, na kinachokula muda ni kuwageuza wasioweza kujigeuza, mara nyingi kila baada ya saa 2 hadi 4, kutegemea mpango wa huduma wa kila mmoja. Mwinamishe kidogo tu, kama nyuzi 30, mto ukiwa nyuma ya mgongo; ukimlaza ubavu kabisa, uzito wote unaangukia nyonga. Usimburute. Tumia shuka la kutelezesha, la sivyo ngozi inachubuka.

Kila ukigeuza, kagua visigino na sehemu ya chini ya mgongo. Bonyeza kwa kidole: wekundu usiopotea ni dalili ya kidonda kinachoanza kwa kulalia sehemu moja muda mrefu. Kwa mtu mweusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa kama pana joto au ugumu kuliko pembeni (hili wengi hulisahau).

Mashine ya kunyanyulia huendeshwa na watu wawili. Kitambaa chake kinachombeba mzee kikiwa kikubwa mno, anaweza kuchomoka. Kikiwa kidogo, kinambana mapaja. Chati, yaani karatasi ya kuandika kila unapomgeuza mzee, jaza palepale, usingoje alfajiri.