Kabla ya Kuingia, Subiri Karibu: Kwa Wanaokuja New Mexico

Ndugu zangu mnaojiandaa kuja New Mexico, jimbo la kusini magharibi mwa Marekani, kwa masomo au kazi, nimeishi katika jimbo hili miaka tisa sasa, na kila mwaka wageni wapya huniuliza kuhusu baridi, kodi ya nyumba na usafiri. Hayo mtayazoea. Kinachohitaji kujifunza kwa makini ni desturi za watu mtakaoishi nao, kwa sababu zimechanganyika kwa zaidi ya miaka 400 lakini kila upande bado unajua kilicho chake.

Jambo la kwanza ni kwamba msidhani kila mwenye jina la Kihispania amehamia kutoka Meksiko. Zipo familia za bonde la mto Rio Grande ambazo asili yao ni walowezi wa Kihispania walioongozwa na Juan de Oñate mwaka 1598, na mji mkuu, Santa Fe, ulianzishwa mwaka 1610. Ardhi hii ilitawaliwa na Hispania hadi mwaka 1821, ikawa ya Meksiko, ikachukuliwa na Marekani kwa mkataba wa mwaka 1848, na ikangoja hadi mwaka 1912 kukubaliwa kuwa jimbo. Mimi nilimwuliza mama mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja kwamba wazazi wake walihamia Marekani lini. Alinitazama kwa muda, kisha akanijibu kwa upole kwamba watu wake hawakuvuka mpaka wowote, bali mpaka ndio uliowavuka wao. Nilimwomba radhi, na bado naona uzito wa swali lile.

Kabla ya Wahispania walikuwapo wenyeji wa asili: Wapueblo, ambao leo wana vijiji 19 vyenye serikali zao wenyewe, na wapo pia Wanavajo na Waapache. Mwaka 1680 Wapueblo, wakiongozwa na Po'pay, kiongozi wao wa dini, waliwafukuza Wahispania wakakaa miaka 12 bila wao. Wahispania waliporudi mwaka 1692, taratibu pande zote mbili zilijifunza kuishi jirani, na matokeo yake mtayaona wazi siku ya sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kijiji, kwa mfano tarehe 2 Septemba kule Acoma au tarehe 30 Septemba kule Taos. Katika vijiji vingi asubuhi huwa na Misa, kisha sanamu ya mtakatifu hubebwa hadi uwanjani na kuwekwa chini ya kibanda cha matawi, na mbele yake watu hucheza ngoma zilizokuwapo kabla padri yeyote hajafika.

Naomba mnisikilize hapa, kwa maana ndipo wageni tunapokosea zaidi. Ngoma ile ni sala. Mwaka wangu wa kwanza, wachezaji walipomaliza duru moja, nilipiga makofi peke yangu katika uwanja mzima, hadi bibi aliyeketi karibu nami akanigusa mkono na kutikisa kichwa. Simu huachwa garini, kwa sababu siku hizo vijiji vingi hukataza picha kabisa, na msiulize maana ya ngoma wala kusogelea kiva, yaani chumba cha ibada ambacho si cha wageni.

Mkiitwa ndani kula, ingieni. Mezani nilikuta nyama iliyopikwa kwa pilipili nyekundu, bakuli la posole, ambayo ni mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa kisha yakapikwa na nyama, na mkate uliotoka kwenye horno, tanuri la udongo lenye umbo la kuba ambalo Wahispania walilipokea kwa Waislamu wa Andalusia, kusini mwa Hispania. Nilikula, nikaendelea kukaa na kuzungumza, kwa kuwa kwetu anayenyanyuka upesi baada ya kula humvunjia mwenyeji heshima. Sikuwaona watu waliosimama ukutani wakingoja kiti changu. Hapa heshima ni kula, kushukuru na kuinuka, ili mwingine aketi.

Kuhusu pilipili, mgahawani mtaulizwa nyekundu au kijani. Ni tunda lile lile, la kijani likichumwa kabla ya kuiva na jekundu likiachwa liive na kukaushwa. Anayetaka zote mbili husema "Krismasi."

Mkinunua vito vya feruzi, nunueni kwa fundi mwenyewe, kwa mfano barazani mwa Palace of the Governors, jengo la kale la magavana huko Santa Fe, na mwulizeni amevitengenezaje. Vilevile, alama ya jua iliyo kwenye bendera ya jimbo tangu mwaka 1925 ilichukuliwa kwenye chungu cha watu wa Zia, kimojawapo cha vijiji vya Wapueblo, nao mpaka leo huwataka wanaoitumia kibiashara waombe kwanza. Naona madai yao ni ya haki.

Sisi tunaotoka Afrika tuna mtu wetu katika historia hii. Mwaka 1539 Esteban, mtumwa kutoka Azemmour, Moroko, alitangulia mbele ya msafara wa Wahispania hadi Hawikuh, mji wa Wazuni, ambao ni miongoni mwa Wapueblo. Masimulizi ya wakati ule yanaeleza kwamba alituma kibuyu kama ishara ya kufika kwake, mkuu wa mji akakitupa chini na kumtaka asiingie, naye akaendelea. Aliuawa hapo.

Mwisho, mkipanga nyumba yenye shamba vijijini kaskazini, ulizeni kuhusu acequia, mfereji wa maji unaomilikiwa na wakulima kwa pamoja, wenye jina la asili ya Kiarabu na msimamizi aitwaye mayordomo anayegawa zamu. Majira ya kuchipua huwa na siku ya kuusafisha, na kila mwenye haki ya maji huenda au hutuma mtu. Mwombeni mwenye nyumba awaruhusu kwenda kwa niaba yake. Bebeni sepetu, glavu na maji ya kunywa, mfike mapema, na mchimbe sehemu mtakayopimiwa na mayordomo.