Eddie Coyle na stelingi anayekufa: maswali yenu

Juzi niliigusia The Friends of Eddie Coyle, muvi ya uhalifu ya 1973 ya kule Boston, maswali yakamiminika, haya twende.

Inahusu nini hasa? Sijawahi hata kuisikia.
Hauko peke yako. Eddie ni mzee wa mishe ndogondogo, anawatafutia bastola majambazi wa benki. Ana mke, ana watoto, ana kesi ya kuendesha lori la mzigo wa wizi na hataki kurudi ndani, so anaanza kumpenyezea mpelelezi Foley habari kidogokidogo labda apunguziwe.

Robert Mitchum anapigana humo?
Wala, yeye ndiye Eddie na hapigi hata kofi. Kuna sehemu wamekaa mgahawani anamweleza kijana muuza bastola kwamba kuna silaha aliwahi kumpatia mtu, zikafuatiliwa, mteja akafungwa miaka kibao, basi marafiki wa yule mteja wakaja wakamwambia weka mkono kwenye droo, droo ikapigwa teke. Anasimulia kawaida tu kama mtu anayekwambia alivyochelewa daladala, halafu hana hata kinyongo!

Mkuu, mbona haikuuza?
Wakosoaji waliikubali, Roger Ebert aliipa nyota 4, ila kumbini watu hawakwenda. Mimi nawaelewa. Dairekta ni Peter Yates, yule wa Bullitt ya 1968 yenye magari yanafukuzana, watu wanasubiri matairi yalie wanaletewa wazee wanapiga stori baa. Na sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua stelingi hafi. Huyu anakufa. DVD yenyewe imekuja kutoka 2009.

Yale maongezi mbona kama ya kweli?
Kitabu kiliandikwa na George V. Higgins, mwendesha mashtaka wa hukohuko Boston, wezi alikuwa anawasikiliza kazini.

Nani aliwachoma wale majambazi wa benki kwa polisi? Nimerudia mara mbili.
Kama hujaiona ruka hapa. Ni Dillon, yule muuza baa. Wakubwa wakadhani ni Eddie, kazi ya kummaliza wakampa nani? Dillon huyohuyo. Anampeleka kwenye hoki, anamnywesha bia, Eddie anamshangilia Bobby Orr, staa wa hoki wa Boston, kwa furaha kabisa, kurudi kwenye gari kasinzia.

Naweza kuangalia na watoto?
Dada, wakalale kwanza. Risasi chache, matusi ndoo nzima.