Zipu, puleki na nusu ya malipo: densa wameuliza, nimejibu

Nilicheza nyuma ya bendi ya ohangla, ngoma yetu ya Kijaluo, hapa Kisumu miaka 11, mpaka goti likanikatalia. Sasa nashona mavazi ya jukwaani karibu na soko la Kibuye. Tangu nitaje burlesque, ile densi ya kuvua nguo polepole kwa mzaha, kwenye safu hii, simu haitulii.

Nimemwona Dita Von Teese, nyota wa burlesque, akioga ndani ya glasi kubwa ya mvinyo. Nina miaka 22, nataka kazi hiyo. Naanzia wapi? – Binti, Kondele

Mdogo wangu, umeona mwisho wa safari. Mama huyo alizaliwa Heather Sweet, Michigan, Marekani, mwaka 1972. Alianza na ballet utotoni, akauza nguo za ndani dukani akiwa msichana, na burlesque akaishika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ana zaidi ya miaka 30 kazini.

Kiuno unacho, ohangla imekupa bure. Ulichokosa ni kukawia. Ohangla inakimbia, burlesque inawasubirisha watu. Glavu moja tu inaweza kula ubeti mzima, kidole kimoja kimoja. Vaa glavu ndefu, simama mbele ya kioo, ivue kwa wimbo wa taratibu bila kuitazama. Ukiweza hivyo bila kucheka, tuzungumze.

Halafu kuna nguo. Gauni la harusi linashonwa lisifunguke. Hili linashonwa lifunguke kwa vidole viwili, mwanga hafifu, umewapa watu mgongo. Niliwahi kumshonea densa mmoja sketi ya kuvuliwa jukwaani, chini yake amevaa suruali ya kubana. Nikaweka zipu, mjinga mimi. Katikati ya wimbo zipu ikauma puleki. Mpiga ngoma alirudia kibwagizo mara nne huku msichana wa watu akizunguka kama pia, mkono mmoja kiunoni, akitabasamu kwa meno yote. Asubuhi niling'oa zipu nikaweka vifungo saba vya kubonyeza. Puleki nazo siku hizi nazifunga fundo kila baada ya tano. Uzi ukikatika, zinaanguka tano, si mia.

Kwa hiyo anza na sindano. Ukumbi wa burlesque pekee utaungoja sana hapa kwetu, lakini densa mwenye onyesho lake la dakika tano na nguo zake hupata nafasi kwenye shoo ya mtu mwingine.

Binti yangu anasema burlesque ni sanaa. Mimi naona ni kuvua nguo kwa jina la kizungu. Nani yuko sawa? – Mzazi, Kakamega

Shikamoo mzee wangu. Kila mmoja ana kipande chake. Neno lenyewe lina asili ya Kiitaliano, burla, yaani mzaha. Lydia Thompson alipotoka Uingereza na kundi lake la wanawake kwenda New York mwaka 1868, hawakuvua kitu. Walivaa nguo za kubana miguu, wakaigiza wanaume na kuzifanyia dhihaka hadithi za miungu ya Kigiriki. Kilichowakera wakubwa ni miguu ile, na zaidi ule mdomo. Kuvua kulikuja baadaye, na mwaka 1937 utawala wa jiji la New York ukazifunga kumbi hizo. Walioifufua miaka ya 1990 wamechukua vyote viwili, mzaha na kuvua, na kwa kawaida huishia kwenye nguo ndogo.

Lakini nadhani hofu yako ni watakachosema kanisani. Watasema, sitakudanganya. Marehemu mama yangu hakukanyaga shoo yangu hata moja, ila kila Jumatatu aliuliza kama watu walijaa. Na isukuti yenu, ile ngoma UNESCO iliyoiorodhesha mwaka 2014, ina mabega na viuno pia, mmeizoea tu.

Promota hunilipa baada ya shoo, eti "tuone watu wamekuja wangapi". Mavazi ni yangu. – Densa, Nakuru

Watu wangapi ni biashara yake, si yako. Nusu iingie M-Pesa kabla hujapaka poda, nusu kabla hujapanda jukwaani. Mwandikie ujumbe: tarehe, dakika utakazocheza, pesa, na nauli ya kurudi usiku. Akijibu "sawa", umepata karatasi yako.

Na ulipie SHA, bima ya afya ya serikali, dada. Densa hana ofisi ya kumkatia, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Hapa ni goti langu linalosema.

Nina miaka 41 na kilo 92. Naweza kuanza burlesque? Nacheka mwenyewe nikiuliza. – Mama wa watoto wawili, Busia

Usicheke. Dirty Martini wa New York, mwanamke mwenye mwili wake haswa, alitwaa Miss Exotic World, taji la burlesque, mwaka 2004. Tempest Storm, aliyezaliwa 1928, alikuwa bado anapanda jukwaani Las Vegas mwaka 2010, akaanguka akavunja nyonga. Chunga nyonga, kilo ziache.

Mteja alinirekodi nikicheza, klabu ikaibandika mtandaoni kama tangazo. Nina haki gani? – Kisumu

Kama kamera iliingia chumba cha kubadilishia nguo, hiyo ni jinai. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mtu: faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote.

Kama ni jukwaani, hoja yako ni idhini, chini ya sheria ya kulinda data ya 2019. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi iliamriwa kulipa shilingi milioni 1.85 kwa kubandika picha ya mteja bila ruhusa yake. Piga skrinshoti leo, kabla hawajafuta, kisha uwaandikie waiondoe na walipe. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.

Shoo ijayo, mwombe bausa abandike stika kwenye kamera za simu pale mlangoni. Akikataa, cheza, lakini vile vifungo saba vibaki vimefungwa.