Barua kwa Neema anayetaka kwenda melini

Bukavu, Ibanda

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeisoma. Baba yako naye ameisoma akanyamaza, ndiyo maana ninajibu mimi. Umeuliza mawili kwa pumzi moja: kama kwenda kuuguza kwenye meli ya hospitali ya Mercy Ships ni wito au ni kuikimbia Congo, na kwa nini mmisionari alipe ndipo afanye kazi. Naanza na la pesa, maana ndilo litakaloleta maneno hapa nyumbani.

Melini hakuna mshahara. Daktari mpasuaji, mpishi, fundi wa mitambo, mwalimu wa watoto wa wafanyakazi, wote wamejitolea, na kwa kawaida kila mmoja hujilipia chakula na malazi. Wanaopata malipo ni wenyeji wanaochukuliwa pale bandarini, wakiwemo wakalimani. Wazungu huandikia kanisa na marafiki wakachangiwa, wala kwao si aibu. Kwetu mto huu wa pesa unatiririka kwenda upande wa pili: aliyevuka mpaka ndiye anayengojewa atume. Mjomba wako akisikia uko kwenye meli na wazungu, hata habari za wagonjwa hataziuliza. Atakutumia namba ya kupokelea pesa. Itakuja karo ya watoto wa shangazi, yatakuja mabati, itakuja matanga. Utawajibu nini, nawe huna hata franga moja ya mshahara?

Kwa hiyo anza kuweka akiba sasa, ukiwa bado kazini huko Lubumbashi. Parokia yetu ya CEPAC, kanisa letu la Kipentekoste, ikitaka kukuchangia tiketi ya ndege, pokea, mara moja tu. Lakini ya kila mwezi, hapana. Sitaki mjane anayeuza samaki wadogo wa sambaza huko Kadutu akulipie kitanda.

Maisha yenyewe ya huko usiyaogope kwa sababu ya mawimbi. Watu wanadhani meli hiyo inazunguka bahari kila siku, kumbe hufungwa kwenye bandari moja miezi na miezi. Africa Mercy, ambayo zamani ilikuwa feri ya kubeba treni huko Denmark, ilikaa Pointe-Noire, Congo-Brazzaville, mwaka 2013 hadi 2014, kisha ikaenda Toamasina, Madagaska. Ile mpya, Global Mercy, ilijengwa China, ikaanza kazi Dakar, Senegal, halafu ikaenda Freetown, Sierra Leone. Kifaransa chako kitakufaa Madagaska kuliko Freetown, ingawa kazi ya ndani ni Kiingereza. Ongeza bidii hapo.

Kitakachokuchosha ni watu. Mimi nikikorofishana na mwenzangu wodini, zamu ikiisha napita Essence kununua nyanya, nafika nyumbani hasira imeisha. Wewe huko, uliyebishana naye saa nane ndiye utakayekula naye saa kumi na mbili, ndiye utakayeomba naye kesho asubuhi, na huenda ndiye mnayelala chumba kimoja. Umisionari mwingi uko hapo, binti yangu. Kushika Biblia mbele ya wagonjwa ni rahisi. Kumvumilia Mkristo mwenzako anayekoroma na kuacha taulo lake juu ya kitanda chako, hiyo ndiyo kazi.

Wagonjwa wengine utawajua kabla hujaambiwa. Huko pia wanapasua wanawake wenye fistula: uchungu uliokwama muda mrefu, kichwa cha mtoto kimebana nyama mpaka zimekufa, tundu limebaki, mkojo hauzuiliki. Wakipona wanavishwa nguo mpya, wanaimba na kucheza. Utacheza nao, lakini wewe umetoka Bukavu. Ugonjwa huu huendi kuuonea huruma kama mgeni. Hapa kwetu, hospitali ya Panzi, unatibiwa tangu hospitali ilipoanza, mwaka 1999. Usikae kimya kwenye mkutano wa wauguzi kwa sababu ya Kiingereza chako. Na mgonjwa yeyote asipigwe picha mbele yako kabla hajaulizwa kwa lugha anayoielewa, hata kama picha hizo ndizo zinazoleta misaada.

Sasa hilo la kukimbia. Daktari Mukwege, mwanzilishi wa Panzi, alikuwa hospitali ya Lemera, akaona wanawake wanakufa kwa kuzaa, akaondoka. Alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, na mwaka 1989 akarudi Lemera ile ile. Angebaki siku ile, angeendelea kuwazika. Lakini nawajua pia walioaga kwa machozi na maombi, na leo wanatutumia picha za theluji. Safari zote mbili huanza vile vile, kwa hiyo sikwambii kwamba moyo wako ni safi au si safi. Nakuuliza: utarudi na nini? Meli huondoka; wanaobaki ni wauguzi wa nchi ile waliofundishwa. Basi omba upewe nafasi upande wa mafunzo, hata kama kazi ya wodini inapendeza zaidi, ujue namna ya kumfundisha muuguzi mwenzako. Wafundishaji ndio tunaowakosa hapa.

Mama mkwe wako mtarajiwa naye ameshaanza kuuliza. Huyo ni mzigo wako, mwambie mwenyewe.

Nitumie muda wanaotaka ukae na gharama ya kila mwezi, tupige hesabu pamoja na baba yako. Mjomba nitamweleza mimi, Jumapili baada ya ibada. Wewe usimpigie bado.

Mama yako