Jibu: Mzee anastaafu wanamaji, anataka kufungua karakana ya useremala Tanga

Mleta mada, nimekusoma. Mzee wako anastaafu wanamaji mwakani, anataka kiinua mgongo kiende kwenye karakana ya useremala hapo Tanga, na kaka zako wameng'ang'ana ajenge fremu za kupangisha. Unauliza nani asikilizwe. Mimi niko upande wa mzee, ila kwa masharti. Marehemu baba yangu alipita njia hiyohiyo, nami ndiye niliyemshikia daftari la oda. Jibu ni refu, vuta kiti.

Baba aliingia jeshini miaka ya sabini, wanamaji bado wachanga. Kamandi ilianzishwa 1971 kwa msaada wa Wachina, makao yake Kigamboni. Boti za vita ni chuma, lakini chuma hakimwondoi seremala: kuna mashua ndogo, ngazi, masanduku, vitanda vya mabaharia. Huko ndiko aliposhikia randa. Sisi tulikuwa Makorora na mama. Likizo ikifika anapanda pantoni, kisha basi la kupitia Chalinze na Segera, anaingia usiku miguu imevimba. Kesho yake, kabla hajawasalimia majirani, ameshakagua bawaba za milango yote. Aliyetulea ni mama. Nalisema bila kumvunjia baba heshima, maana yeye mwenyewe alikuwa akilisema mbele za watu.

Kaka zako wanaodhani mwanajeshi akistaafu anapumzika, naona hawajawahi kukaa naye nyumba moja. Baba aliamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea, akaswali, basi, hana pa kwenda. Akalivamia jiko la mama. Sufuria zimepangwa kwa ukubwa, vifuniko vimetundikwa kwenye misumari, chumvi imewekwa juu mama asikoifikia. Mama akamwambia, "Mume wangu, hapa si melini." Fremu zitampa mzee wako kodi, sawa, lakini hazitampa kazi ya asubuhi, na mama yako ndiye atakayelipia hilo.

Ila asifungue karakana mwezi uleule anaorudi. Baba alianza kwa kwenda Sahare kwa mafundi wa mashua, akajiweka mwanafunzi. Mtu na cheo chake anashikishwa ubao na kijana wa rika la wanawe, anaambiwa, "Mzee, inua. Shusha. Hapohapo." Kambini alizoea guni na pima maji, kila kona iwe mraba. Kwenye mashua, ukishautoa mkuku, ule mti mkuu wa chini, utautafuta sana mstari ulionyooka. Mataruma, yaani mbavu za mashua, yanatafutwa kwenye matawi yaliyojipinda yenyewe mtini, fundi anayapima kwa jicho na kuyachonga kwa tezo. Kisha ndiyo kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta inagongwa kwenye maungio ya mbao mpaka maji yakose pa kupita. Alikuwa anarudi ananuka sifa, yale mafuta ya papa, mpaka mama akawa anamwekea ndoo ya maji nje ya mlango.

Mashua hakuendelea nazo, fedha yake ni ya kusubiri sana. Lakini alichokipata Sahare kilimlisha baadaye, kwa sababu pale aliona mbao zinavyohangaika na maji. Hapa Tanga hewa ni nzito, na wauza mbao wengi wanakuuzia mbao bado mbichi. Baba alikuwa akizipanga kivulini, kila safu imetenganishwa na vijiti ili upepo upite, anaziacha miezi. Wateja walinung'unika. Lakini masika ikija, milango ya mafundi wengine inavimba na kugoma kufunga, ya kwake inafunga, maana aliiachia nafasi ya kuvimba tangu mwanzo. Nyumba za Raskazone, zilizo karibu na bahari, hakuzitilia skrubu za chuma hata mteja alie bei. Shaba tu. Upepo wa chumvi unakula chuma mpaka bawaba inaning'inia.

Sasa kwenye fedha, hapa ndipo umkazie mzee. Namjua mstaafu mwingine aliyenunua mashine zote kwa mkupuo, akaanza kuhangaikia kuvutiwa umeme wa njia tatu, na kabla hajapata oda za kuzilisha mashine fedha ikawa imekwisha. Sasa zimefunikwa turubai. Baba alianza na benchi, jiriwa, randa za mkono, misumeno na patasi nzuri. Mbao nyingi zikihitaji kurandwa, anazipeleka mjini kwenye mashine za watu, analipia, anarudi nazo. Mashine yake ya kwanza ilinunuliwa na vitanda vyenyewe. Na hakugusa ubao kabla ya nusu ya malipo, hata kwa ndugu. Hasa kwa ndugu, niseme ukweli. Harusi ikikaribia Tanga hii, kila mtu anakuwa mjomba wako na anataka kitanda cha futi tano kwa sita kwa bei ya undugu.

Hilo halikumfanya mchoyo. Jeneza la msikiti alilitengeneza upya bila kuchukua senti, na marufaa za madrasa, vile vibao vya kuwekea msahafu, vilevile. Kila mtoto wake alipooa au kuolewa alipewa mbuzi ya nazi ya mninga, ya kukunja, wavulana pia. Kaka yangu alicheka siku alipokabidhiwa, baba akamwambia atakuna nazi kama yeye alivyokuna. Kweli alikuna: Ramadhani nzima kazi ya nazi ilikuwa yake, kwenye kibaraza, kifua wazi, wapita njia wanamtania. Magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, alikiinua kitanda chao, akatengeneza kiti cha chooni chenye mikono ya kushikia, akapunguza kimo cha rafu za jikoni. Ile chumvi ikashuka. Majirani walipokiona kile kiti, wazee wakaanza kuagiza. Mwambie baba yako hiyo ni kazi ambayo mafundi vijana hawaifikirii, na wazee mjini wako wengi.

Kuhusu mbao ulizouliza. Paini ya Sao Hill ni rahisi, lakini isiyotiwa dawa mchwa wataimaliza. Mninga ni mzuri, unatoka mbali na bei inauma. Kwa Tanga ningeanza na mitiki, shamba la Longuza liko hapo Muheza tu. Popote anaponunua, adai risiti, aangalie mbao zimegongwa alama ya nyundo ya watu wa misitu, na kama anazisafirisha asitoke bila TP, kile kibali cha kusafirishia mazao ya misitu. Akikamatwa bila hiyo, utumishi wake jeshini hautamsaidia pale kwenye kizuizi cha barabarani.

Kwa kaka zako, kama kiwanja kinatazama barabara, wajenge fremu moja mbele, karakana ikae uani kwenye banda la mabati. Kodi ya fremu inunue mbao, mzee asiguse pensheni. Kiwanja kiko mtaa gani na kina upana gani? Weka vipimo hapa nikuchoree benchi likae upande upi, maana vumbi la mbao likielekea jikoni kwa mama yako mtarudi tena hapa kuomba ushauri.