Mnaoanza historia ya Ugiriki, mkipewa Themistocles msifanye kama mimi

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, insha yangu ya kwanza ya Themistocles, yule kiongozi wa Athens ya kale, nilimbeba Plutarch, mwandishi wa maisha yake, mzima mzima, kila kisa nakiandika kama vile jamaa alikuwepo pale anashuhudia, mwalimu akanirudishia karatasi na swali moja tu la wino mwekundu: huyu kaandika lini? Kwenda kucheki, zaidi ya miaka 500 baadaye! Hata Herodotus, mwanahistoria wa zamani zaidi yake, wakati wa Salamis, ile vita ya meli kati ya Wagiriki na Waajemi, alikuwa bado mtoto.

Na miaka ya KK inashuka, msicheke, inachanganya watu wazima. 493 Themistocles alipokuwa arkoni, yaani mtawala wa mwaka wa Athens, inatangulia, 480 ya Salamis inafuata.

Utamu uko hapa. Kama 483 KK migodi ya Laurion ilitoa madini ya fedha mengi sana, raia wa Athens wanataka wagawane drakma (sarafu zao za fedha) kumi kumi, Themistocles akasimama akasema hapana, tujenge meli tupambane na Aegina, hao majirani waliokuwa wanagombana nao, na meli hizo hizo ndo zikaja kuwapiga Waajemi wa mfalme Xerxes pale Salamis. Meli ngapi? Herodotus anasema 200, kile kitabu cha Katiba ya Athens kinachohusishwa na Aristotle kinasema 100, so ukiandika namba taja na umeitoa kwa nani, mimi hapo nilikatwa maksi.

Baadaye wakamfukuza mji kwa kura za vigae, unakwaruza jina la usiyemtaka kwenye kipande cha chungu, mwenye kura nyingi zaidi anaondoka miaka 10. Akaishia kwa Waajemi, na aliyempa mji wa Magnesia ni Artaxerxes, mtoto wa Xerxes yule yule. Haya mambo bwana.

Sasa vigae vyenyewe. Kwenye kisima kimoja pembeni ya Acropolis, kile kilima cha mahekalu cha Athens, vilikutwa kama 190 vyenye jina lake, vingi ni vitako vya vikombe, wataalamu wakakagua miandiko wakapata mikono 14 tu. Watu 14, kura 190! Inaonekana wapinzani waliziandaa kabisa wagawie wapiga kura. Tafuteni picha zake, utaona jina na la baba yake, Neocles, limekwaruzwa kuzunguka kitako cha kikombe. Insha yangu ya pili niliianzia hapo kisimani, Plutarch nikamtupa ukurasa wa tatu.