Kufyatua tukio la Click bila mtu kubofya

Swali: Ndugu mtaalamu, ninaandika programu ya Windows Forms (programu za madirisha na vitufe) kwa lugha ya VB.NET. Kwenye fomu kuna kitufe btnHifadhi, na kazi yote ya kuhifadhi rekodi nimeiweka kwenye tukio (event) lake la Click, linalofyatuka kikibofywa. Sasa nataka kazi hiyohiyo ifanyike pia mtumiaji akichagua Hifadhi kwenye menyu, na kila baada ya dakika 10 kwa Timer (saa ya ndani ya programu). Niliandika btnHifadhi.Click(), kompaila (kitafsiri msimbo) ikakataa na kuniambia nitumie RaiseEvent, amri ya kufyatua tukio. Nikatumia RaiseEvent, ikakataa tena. Nifanyeje?

Jibu: Hapo kompaila yenyewe ndiyo iliyokupoteza. RaiseEvent ina sharti ambalo ujumbe ule hautaji: hufyatua tukio lililotangazwa ndani ya klasi (class) ileile unamoandika, basi. Click imetangazwa kwenye klasi Control, ambayo vitufe vyote vinairithi, ilhali wewe unaandika ndani ya klasi ya fomu. Hata ungetengeneza kitufe chako kwa kurithi Button, bado RaiseEvent Click ingekataliwa. Humo ungeita OnClick, prosija ya kurithi inayofyatua Click.

Njia ambayo wengi huikimbilia ni kuiita moja kwa moja prosija ya tukio, yaani msimbo unaoendeshwa tukio likifyatuka:

    btnHifadhi_Click(Nothing, EventArgs.Empty)

Itafanya kazi, lakini ujue kwamba hapo hakuna tukio lililofyatuka. Umeita prosija moja tu. Kama kuna prosija nyingine uliyoiunganisha na Click kwa amri ya AddHandler, haitaitwa. Kama kitufe kina DialogResult (jibu ambalo kitufe hulipa dirisha la mazungumzo) ya OK, dirisha halitafungika, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na kitufe chenyewe kinapobofywa. Na kama ndani ya prosija uliandika DirectCast(sender, Button).Enabled = False, programu itaanguka papo hapo kwa NullReferenceException, maana sender (kitu kilichofyatua tukio) uliyoipa ni Nothing, yaani hakuna kitu.

Ukitaka kitufe kijione kimebofywa kweli, tumia:

    btnHifadhi.PerformClick()

Hii hufyatua tukio lenyewe, na wote wanaolisikiliza hupata habari. Tatizo lake ni ukimya. PerformClick hutazama kwanza kama kitufe kingeweza kuchaguliwa na mtumiaji wakati huo. Kikiwa kimezimwa, kimefichwa, au kipo kwenye TabPage (ukurasa wa kichupo) ambayo haijafunguliwa, haifanyi lolote na haitoi kosa lolote. Vilevile kisanduku anachoandika mtumiaji kikishindwa ukaguzi wa Validating (tukio la kukagua alichoandika), mbofyo unaweza kufutwa. Hebu fikiria Timer yako: mtumiaji amehamia kichupo cha pili, dakika 10 zinapita, PerformClick inaitwa, hakuna kilichohifadhiwa, na hakuna anayejua.

Kwa hiyo kwa shida yako nisingeitumia. Wewe huna haja ya kitufe kubofywa. Unachohitaji ni rekodi ihifadhiwe. Toa kazi hiyo ndani ya tukio, uipe prosija yake:

    Private Sub HifadhiRekodi(kimya As Boolean)
        ' kazi yote ya kuhifadhi
        If Not kimya Then MessageBox.Show("Imehifadhiwa")
    End Sub

Click ya kitufe na ya menyu ziite HifadhiRekodi(False), Tick ya Timer (tukio lake muda ukifika) iite HifadhiRekodi(True). Hiyo kimya si pambo. Bila hiyo, mtu anaandika, mara dirisha linamrukia usoni kila dakika 10. Kama tofauti hiyo isingekuwepo, VB ingekuruhusu kufupisha zaidi, prosija moja ikasikiliza matukio yote matatu:

    Handles btnHifadhi.Click, mnuHifadhi.Click, tmrHifadhi.Tick

RaiseEvent nayo ina mahali pake: matukio yako mwenyewe. Tangaza Public Event RekodiImehifadhiwa() kwenye klasi ya fomu, kisha mwishoni mwa HifadhiRekodi andika RaiseEvent RekodiImehifadhiwa(). Fomu nyingine yenye orodha ya rekodi italisikiliza tukio hilo na kujisasisha. Asipokuwepo msikilizaji hata mmoja, VB inapita tu bila kosa.

Jambo moja hukuuliza, ila litakukuta karibuni. Yapo matukio yanayofyatuka bila kuombwa, pale msimbo wako unapobadilisha thamani. Ukiandika chkHai.Checked = True, CheckedChanged hufyatuka, ilimradi kisanduku hakikuwa na tiki tayari. TextChanged ni hivyohivyo. Kwa hiyo unapojaza fomu kutoka hifadhidata, programu inaweza kudhani mtumiaji amebadilisha kitu na kuanza kuhifadhi rekodi ambayo ndiyo kwanza inasomwa. Weka kigezo cha Boolean (True au False) kwenye fomu, tuseme inajaza. Kifanye True kabla ya kujaza na False baada ya kumaliza, na mstari wa kwanza wa kila tukio la aina hiyo uwe:

    If inajaza Then Return

Kurudisha False kufanye ndani ya Finally, sehemu ya Try inayotekelezwa hata kosa likitokea, la sivyo kosa moja wakati wa kusoma litayaacha matukio hayo yamezimwa hadi fomu ifungwe.